Walivyonisifu Nikivimba

Mwezi wa pili wa kukaa ndani, mashavu yangu yalikuwa yamejaa kiasi kwamba wanawake waliokuja kunitazama walipiga vigelegele kabla hata ya kuketi. Mama mkwe aliinua taa waone vizuri.

"Tazameni," aliwaambia. "Alikuja hapa kama ufito. Nani alisema nyumba hii haina chakula?"

Ilikuwa miaka ya hamsini, kahawa ina bei, na kila nyumba ya kijijini Kanoni iliyoozesha kijana ilitaka ijulikane kwamba haikuozesha bure. Bibi harusi, omugole, alifunga ndoa kanisani kama Wakristo wote, kisha akarudishwa kwenye desturi. Alikaa ndani miezi kadhaa, hashiki jembe, haonwi na jua, analishwa ndizi na maharage, maziwa na samli, hadi siku ya kutolewa nje. Siku hiyo watu walikuja kuona alivyotunzwa. Unene wake ndio ulikuwa risiti.

Mimi nilitoka Nyaishozi, binti wa mama aliyeuza maharage na dagaa gulioni. Nimekulia kwenye vipimo. Najua namna ya kugonga kopo lionekane limejaa na namna ya kumkamata anayeligonga. Kitu kikijaa haraka kuliko kilivyotiwa, mimi hufungua mdomo wa gunia nikatazama chini. Na mimi mle ndani nilikuwa nakula kidogo kuliko nilivyokula kwetu. Chakula kilinichefua. Nililipigia hesabu jambo hilo, nikalipigia tena, na hesabu haikukubali.

Nikabonyeza mguu wangu kwa kidole gumba. Shimo likabaki. Nyama ya kweli ikibonyezwa hurudi. Hii ilikaa vile vile, kama udongo wa mfinyanzi, nikawa natazama alama ya kidole changu mwenyewe. Alfajiri, nilipokwenda chooni nyuma ya migomba kabla jua halijatoka, mkojo wangu ulitoa povu kama rubisi, pombe ya ndizi, inayochacha, nalo halikuisha upesi. Vidole viliamka vimekakamaa. Nikakumbuka pia kwamba wiki chache kabla ya harusi, tulipokuwa tunavuna maharage juani, nilitokwa na wekundu mashavuni, umepita juu ya pua kama ndege aliyetandaza mabawa. Mama yangu alinipaka samli, akasema ni jua tu. Nilipoingia gizani kwa mume wekundu ukafifia, nami nikadhani umekwisha.

Siku moja kikuku cha shaba kilizama mguuni. Mume wangu, mtu mpole aliyezungumza zaidi na mibuni kuliko na watu, alileta koleo akapiga magoti kukikata. Shangazi zake walikuwa wamekaa ukutani.

"Kata, baba, kata!" walicheka. "Umeoa tajiri wa nyama!"

Vigelegele vikapigwa tena. Yeye hakucheka. Kikuku kilipokatika aliona mfereji kiliouacha, akaupitisha kidole, na mfereji ule ukabaki wazi. Alinitazama usoni. Nadhani sisi wawili ndio tulioogopa siku ile katika nyumba nzima iliyofurahi.

Jioni nikamwambia mama mkwe.

"Mama, nataka kwenda hospitali."

"Ya nini? Una mimba?"

"Sina."

"Basi una unene. Nenda kalale."

"Mama, bonyeza hapa."

Alibonyeza. Akasogeza taa, akatazama, kisha akaiondoa taa haraka kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake.

"Siku za kutolewa zimekaribia," alisema polepole. "Omugole hatoki kabla. Watasema tumekutoa kwa sababu tumeshindwa kukulisha."

"Watasema nini mkinitoa nikiwa ndani ya jeneza?"

"Mdomo wa sokoni huo," akasema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

Tukapatana kwanza tujaribu dawa zinazoweza kuingia ndani bila mimi kutoka. Akaja mama mmoja wa miti shamba, akanichemshia majani ya kukojoza. Nilikojoa usiku kucha. Asubuhi uso ulikuwa umepungua, mchana ukajaa tena, kama mtu anayekausha shimo la chemchemi kwa kijiko. Mume wangu akaenda zahanati kueleza hali yangu. Yule mganga msaidizi, bila kuniona, akampa dawa ya minyoo. Minyoo ilitoka. Uvimbe ulibaki.

Kisha pumzi ikaanza kukatika. Nikilala chali nilihisi mtu amenikalia kifuani, nikawa nalala nimeegemea ukuta. Mama mkwe alinikuta hivyo asubuhi, akakaa chini kando yangu. Alipofungua mdomo alikuwa amekwisha kukubali, ila kwa sharti: jua lisinione, na mtu asinione. Hiyo ndiyo mara pekee niliyopatana na mtu nikampa bei yake yote. Sharti lake la jua, sikujua wakati ule, lilikuwa dawa bora kuliko zote tulizojaribu.

Nikalazwa kwenye machela, nikafunikwa blanketi toka kichwani hadi miguuni, na wanaume wanne wa ukoo wakanibeba kuvuka vilima kwenda hospitali ya misheni. Mume wangu na mama yake walifuata nyuma. Njiani tulikutana na wanaume wawili wenye baiskeli. Nilisikia wameshuka.

"Poleni sana," mmoja alisema kwa sauti ya matanga. "Amefariki lini?"

"Bado," nikamjibu toka ndani ya blanketi.

Baiskeli ilianguka. Wabebaji walicheka hadi machela ikayumba. Halafu kicheko kikafa chenyewe, na nikasikia hatua zao zimekuwa za haraka kuliko mwanzo.

Daktari alikuwa Mzungu mwembamba aliyezungumza Kiswahili cha kanisani, taratibu. Alitazama mashavu yangu kwenye mwanga wa dirisha, akauliza habari za jua, habari za vidole. Akachukua mkojo wangu katika kichupa cha kioo, akakichemsha juu ya moto wa spiriti. Mkojo ukaganda, mweupe, kama ute wa yai. Mama mkwe alishika ukuta.

"Hiki ni chakula chake," daktari alisema. "Figo zinakimwaga nje. Alichobaki nacho ni maji."

Akaeleza kwamba mwili una askari wake, na askari wangu wamemgeukia mwenye nyumba. Walianza kwenye ngozi na viungo, sasa wako kwenye figo. Ugonjwa huo kwao una jina la Kilatini la mbwa mwitu.

"Daktari," nikasema, "huku tuna chui na fisi. Huyo wa kwenu amepita mpaka gani?"

Hakucheka. Hapo nikajua mambo ni mabaya, maana kila mtu alikuwa akinichekea.

Akatuwekea njia mezani. Ya kwanza, nilale kitandani, nisile chumvi kabisa, nisionwe na jua, tungoje. Wengine uvimbe huwapungua, wengi hawafiki mbali. Ya pili, alikuwa na vidonge vipya kutoka Ulaya, chupa chache, ambavyo huwatuliza wale askari. Lakini vinawatuliza wote, hata wanaolinda mlango, kwa hiyo kikohozi kidogo kinaweza kuniua. Vitanivimbisha uso kwa namna nyingine, vitanipa njaa, vitaninyima usingizi. Nikishaanza nisiache ghafla.

"Chupa hizi ziliagizwa kwa ajili yangu?"

"La. Kwa mgonjwa mwingine."

"Naye yuko wapi?"

"Havihitaji tena."

"Alipona?"

"Hapana," daktari alisema.

Nimepatana na watu wengi maishani. Sijawahi kumwona muuzaji anayekwambia aliyenunua jana amekufa. Nikamwamini kwa sababu hiyo.

"Nikivinywa, figo zitapona?"

"Zinaweza kupumzika."

"Na nisipovinywa?"

Akatazama nje ya dirisha. Mama mkwe akasogea mezani.

"Na mtoto, Daktari? Tumemwoa ili azae."

"Si sasa. Mimba sasa inaweza kummaliza."

Mama mkwe akamgeukia mwanawe, akingoja aseme neno la mwanaume mwenye ukoo. Mume wangu alikuwa anatazama kile kichupa chenye ute mweupe.

"Yeye ndiye mwenye figo," akasema. "Mwulize yeye, mama."

Nikasema nipewe vidonge, na chumvi iondolewe pia, na jua pia. Nilitaka njia zote mbili kwa pamoja. Daktari akasema hilo ndilo alilokuwa anangoja niseme.

Nilikaa pale majira mazima ya mvua. Miguu ilipungua hadi magoti yakaonekana. Pumzi ikarudi. Lakini uso ukaviringana kama kibuyu cha maziwa, na usiku nililala macho wazi nikisikiliza anayekohoa katika kitanda cha mbali, nikigeuzia uso ukutani. Yule wa kitanda cha mbali aliondolewa alfajiri moja. Kitanda kikatandikwa upya.

Mama mkwe alipokuja kunichukua aliuona uso wangu akafungua mdomo kupiga kigelegele. Kisha akanishika mkono wa juu, na vidole vyake vikazunguka mfupa vikakutana. Kigelegele hakikutoka.

Daktari alimpa yeye, si mimi, vidonge vya kunipa akipunguza kidogo kidogo. "Vikiisha?" aliuliza. "Nimeagiza vingine," daktari akasema. "Meli ikifika."

Mama mkwe alinitoa nje siku ya mawingu mazito. Aliichagua mwenyewe, baada ya kuahirisha mara mbili asubuhi ilipopambazuka nyeupe, na wageni wakanung'unika. Nilivishwa kanga, na gauni la mikono mirefu chini yake. Chakula changu kilipikwa bila chumvi katika chungu cha peke yake, na yeye mwenyewe alikilinda. Wanawake walinizunguka, wakanishika mashavu, wakaimba. Mgeni mmoja kutoka Songambele, mwenye binti wa kuozesha, alinisogelea akaninong'oneza, "Mwanangu, walikulisha nini? Nataka na wangu awe hivi."

Mama mkwe alijibu kabla yangu, macho yake yako juu, kule ambako wingu lilikuwa linaanza kupasuka juu ya kilima.

"Ndizi na maziwa," alisema, akanishika mkono kwa nguvu akanivuta ndani, na wimbo ukiwa bado katikati.