Miaka Miwili ya Nyongeza

Dobi waliyemwita Mvuke alikuwa na pasi ya mkaa nzito kuliko dhambi na mdomo mwepesi kuliko unyoya. Suruali ikitoka mikononi mwake, mstari wake ulikuwa mkali kiasi kwamba nzi akitua pale anaanguka vipande viwili, na ukibisha, Mvuke alikuwa tayari kukutafutia nzi. Watu walimletea nguo nusu kwa ajili ya pasi, nusu kwa ajili ya uongo. Pasi yenyewe, aliwaambia, ilidondoka kutoka mwezini, na mwezi mpaka leo una shimo.

Mkewe alifariki akamwachia binti wa mwaka mmoja, mdogo wa umbo hata wakamwita Chembe. Mvuke alimlea chini ya meza ya kunyooshea, kati ya mashuka ya watu. Lakini alipofika miaka minne, mtoto akaanza kuinyemelea pasi. Akaungua kidole mara ya kwanza, akaungua mara ya pili. Mvuke hakuwa na dada wala mama wa kumwachia. Akaamua shule imsaidie kulea.

Shule ilipokea watoto wa miaka sita. Vyeti wakati ule vilikuwa vya wenye bahati. Kipimo kilikuwa mkono. Mtoto anapitisha mkono juu ya kichwa, akigusa sikio la upande wa pili, anaandikishwa. Wa miaka minne hafiki, labda awe na damu ya tumbili. Basi wiki nzima baba na mwana walifanya mazoezi mbele ya kioo: bega lipande kidogo, kichwa kiiname kidogo, na tabasamu, ili mtazamaji aangalie meno asiangalie shingo.

Mwalimu mkuu alimtazama Chembe, akamtazama baba. "Huyu ana sita kweli?"

"Sita na ushee, mwalimu. Ila nilimfua kwa maji ya moto, akasinyaa."

Mwalimu mkuu akacheka mpaka akashika mbavu, na kalamu yake ikaandika huku bado anacheka. Miaka ilipopita na cheti cha kuzaliwa kikahitajika, kiliandikwa kutoka kwenye daftari lile lile la shule. Uongo ukapigwa muhuri.

Chembe akasoma akiwa mdogo kuliko wote, darasa baada ya darasa. Wenzake walipokuwa wanajua, yeye alikuwa bado anashangaa. Walipoanza kuota vifua, yeye alikuwa bado anaota meno. Wakamwita Mkia, maana kwenye orodha ya matokeo hakuwahi kutoka mwishoni. Mtihani wa mwisho wa sekondari ukamwangusha moja kwa moja, naye akajilaza akaangalia ukuta miezi mitatu. Asubuhi moja, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, akasema, "Baba, natamani nisiwe naamka." Shuka la mteja likaungua pale pale, alama ya pasi nzima nzima, na Mvuke hata hakunusa moshi.

Akampeleka hospitali siku ile ile. Kulikuwa na chumba cha vijana, kilichokuwa zamani stoo ya magongo, na nesi mmoja mnene mwenye sauti ndogo. Nesi huyu hakuuliza maswali. Alimpa Chembe rundo la gozi, wakae wakunje vipande vya kufungia vidonda pamoja, kila Alhamisi. Wiki ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Mvuke nje kwenye benchi alihadithia foleni nzima uongo wake wote, na ulipokwisha akatunga mwingine. Wiki ya tisa akasikia kupitia pazia sauti ya mwanawe ikisema, "Sio hivyo sista, ukikunja hivyo inafumuka. Lete." Kisha sauti ile ikaendelea, ikaendelea, kama bomba lililokuwa limezibwa na hewa. Mvuke akanyamaza katikati ya hadithi. Foleni ikamlalamikia.

Zilifuata Alhamisi tano za namna hiyo. Chembe akaanza kula akiwa amekaa. Siku moja alimcheka baba yake kwa soksi zake. Halafu nesi akamwita Mvuke peke yake.

"Mzee, mwezi huu binti anatimiza kumi na nane. Kadi ya vijana inafungwa. Anahamia upande wa watu wazima."

"Huko kuna nani wa kukunja naye gozi?"

"Hakuna. Kuna daktari mmoja na watu sabini."

"Sista, mbakize kidogo. Hali chakula kingi, hatachukua nafasi."

"Mwaka jana nilibakiza watatu. Wakaguzi wakahesabu kadi, wakanipunguzia siku mbili za chumba. Nikimbakiza yeye, naufunga mlango kwa wengine."

Mvuke akasema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. "Ana kumi na sita."

Nesi hakucheka. Alipomaliza kusikia yote, ya mkono na ya sikio, alivua miwani. "Mzee, mimi miezi yote hii najiuliza kwa nini mtoto huyu alishindwa kubeba walichobeba wenzake. Mlimbebesha wa miaka minne mzigo wa sita, mkaendelea hivyo hivyo. Nenda masijala wabadilishe tarehe ya kuzaliwa. Na yeye mwambie."

Alimwambia nyumbani, akiwa amempa mgongo, akijifanya anapuliza mkaa.

"Kwa hiyo nilikuwa na minne?" Chembe akauliza.

"Minne na miezi."

"Na wao sita."

"Ee."

"Baba, mimi nilidhani ni akili yangu. Miaka yote nilijua ni akili yangu." Hakulia. Ingekuwa afadhali alie. "Sasa wewe nenda ukawaambie."

Karani wa masijala alikuwa mteja, mashati matano kila wiki. Alimsikiliza Mvuke huku kidevu kikimtetemeka kwa kicheko.

"Mzee Mvuke! Wewe si ndiye mwenye pasi ya mwezini?"

"Leo sitanii, mwanangu. Nilidanganya."

"Mkeo aliyemzaa yuko wapi, aje ashuhudie?"

"Kaburini."

"Mkunga?"

"Naye kaburini."

"Basi mimi hapa nina karatasi yenye muhuri inayosema kumi na nane, na nina wewe." Karani akaacha kucheka, maana hakuwa mtu mbaya. "Itabidi ule kiapo mahakamani kwamba ulidanganya. Hapo wanaweza kukushtaki wewe kwanza. Wasipokushtaki, faili linaingia foleni ya marekebisho."

"Foleni ndefu?"

"Miaka miwili, ikienda vizuri."

Mvuke akapiga hesabu kwa vidole, kumi na sita na miwili, ingawa hesabu haikuhitaji vidole. Alikula kiapo hata hivyo. Hakimu naye, aliyepigiwa pasi majoho na Mvuke, alimwuliza mara mbili kama hii ni hadithi.

Upande wa watu wazima ulikuwa korido ndefu yenye benchi moja la ukutani, na watu walisogea kwa makalio, tako baada ya tako, kuelekea mlango wa daktari. Daktari alikuwa kijana, macho mekundu, hana nafasi ya kuinua kichwa.

"Unajisikiaje?"

"Vizuri," Chembe alisema, na akapewa vidonge vya mwezi.

Mwezi wa pili alikuwa daktari mwingine. "Hebu nieleze tatizo lilianzaje." "Vizuri," Chembe akasema. Wa tatu, vivyo hivyo. Nyumbani alirudi kuangalia ukuta. Mvuke aliusogeza mkeka wa binti mpaka karibu na meza ya kunyooshea, ili amwone akiwa anafanya kazi. Alijaribu hadithi ya nzi, akajaribu ya mwezi. Chembe akajifunika shuka kichwani. Baada ya hapo wateja walichukua nguo zao na kuondoka mapema, kwa vile hapakuwa tena na la kusikiliza.

Mwezi wa nne walisogea benchi mpaka mwisho, na zamu yao ilipofika Chembe hakuinuka.

"Ingia wewe, baba."

"Mwanangu, mimi si mgonjwa."

"Nimechoka kuanza upya. Ingia tu."

Nyuma yao watu wakaanza kuguna. Mvuke akaingia, akakaa kwenye kiti cha mgonjwa, kadi mkononi.

"Binti anasemaje?" daktari akauliza, kalamu tayari.

Mvuke, mtu ambaye angeweza kukujazia asubuhi nzima kwa habari za nzi mmoja, akatafuta neno. Akatafuta tena.

"Hasemi," akajibu.

"Kwa hiyo hana malalamiko." Daktari akaandika hivyo, akapiga muhuri tarehe ya mwezi ujao, na akaita anayefuata.