Risasi Ukutani

Nichekeni tu, nimestahili. Juzi barazani tulijadili zile nyumba za bei nafuu tulizowajengea wapangaji hapa Kitui. Mimi diwani, suti ya Kaunda mwilini na akili ya kuku kichwani, nilikuwa nasinzia. Bwana Afya akasema, "Kuta zile zina risasi, na watoto wanaugua."

Nikaruka. "Nani amewafyatulia watu wetu risasi? Polisi waitwe! Matundu yazibwe, na kuta zote zipakwe rangi ile ile tena!" Nikapiga meza, nikangoja makofi.

Mama Mwende, mpangaji mmoja aliyekuja kusikiliza, alimkumbatia mtoto wake aliyedhoofika.

"Mheshimiwa," akaniambia polepole, "risasi ni sumu iliyo ndani ya hiyo rangi."