Saumu za Jumatatu na Alkhamisi

Baada ya kukatwa kidole cha mguu kwa maradhi ya sukari, nilianza kufunga Jumatatu na Alkhamisi. Daktari alishanikataza. Nilimwambia mke wangu kuwa ni sunna, naye, kwa kuwa mimi ndiye ninayesomesha msikitini kwetu Mji Mkongwe, alikubali. Mwezi haukwisha nikawa nafunga siku nyingi kuliko ninazokula.

Watu walinisifu, na sifa zile zilinitisha. Mimi peke yangu nilijua kwamba ikifika alasiri, jasho la baridi likinitoka, nilikuwa natamani adhana ya magharibi isinikute hai. Miaka yote nimesomesha kwamba roho ni amana. Nilikuwa naogopa kufa, na naogopa zaidi nitakachoulizwa nikishakufa, na bado kesho yake nilitia nia tena.

Kliniki nilikwenda kila mwezi. Muuguzi anayetufundisha sisi wenye sukari ni mwanamke hodari, na alipokuwa mdogo alisoma kwangu. Hukagua miguu, akauliza chakula, viatu, macho. Mwisho huuliza, "Na moyo, maalim, umetulia?" Nami hujibu, "Alhamdulillah." Basi, huandika. Simlaumu. Kwetu neno hilo likishatamkwa, nani atathubutu kuuliza zaidi?

Alkhamisi moja nilikaa kwenye benchi na bibi mmoja wa Kizimkazi, mgonjwa mwenzangu, anatafuna muhogo wake wa kuchemsha.

"Karibu, maalim."

"Ahsante, bibi. Nimefunga."

"Leo tena? Hebu tuachie na sisi nafasi huko peponi!"

Benchi zima likacheka. Muuguzi alikuwa mlangoni, akasikia. Yeye hakucheka.

"Maalim!"

"Naam."

Ndani akanitoboa kidole, akakitazama kipimo, akakitazama tena. "Sukari imeshuka sana. Na kufunga ulikatazwa. Kwa nini unafunga?"

"Sunna, mwanangu."

"Sunna naijua, maalim. Na aliyenisomesha kuwa mgonjwa ana ruhusa ni wewe. Nakuuliza kwa nini."

Nilitaka kusema Alhamdulillah, ulimi haukuinuka. Akilini niliwaona watu wa mtaani wakinong'onezana kwamba maalim imani imempungua.

"Nnaogopa," nikasema. "Watanikata mguu wote, kisha wa pili. Nnafunga ili siku hiyo isinikute hai."

Akaiweka kalamu.

"Nisamehe. Kila mwezi nakuuliza, na kila mwezi naridhika na jibu lile lile. Mimi miguu naijua, haya siyajui vizuri. Yupo daktari wa maradhi ya akili, chumba cha mwisho pale. Twende sasa hivi. Nitakaa na wewe mpaka umalize."

"Watu wataniona wakati naingia."

"Watatuona sote. Lakini kwanza unywe."

Akakoroga sukari kwenye kikombe cha maji, akanipa. Hata adhuhuri ilikuwa bado mbali, sembuse magharibi. Nilikishika kwa mikono miwili. Namshukuru Mungu aliyenipa mwanafunzi mkaidi, ingawa saa ile sikuhisi shukrani yoyote. Nilikiogopa kile chumba cha mwisho kuliko nilivyokuwa nikiliogopa kaburi.

Nikasema bismillahi, nikanywa.