Meza ya Bosi Kwenye Mashine ya Mpunga

Mimi niliishia darasa la nne na sioni aibu kulisema, maana mashine hii ya kukoboa mpunga hapa Igawa ni yangu, na hakuna aliyenishika mkono kuipata. Wazazi wangu walitoka Usukumani wakifuata malisho ya Usangu, wakaniachia ng'ombe. Nusu ya ng'ombe hao niliwauza ili binti yangu mkubwa akasome biashara ya kimataifa India. Kaka yangu hakunisemesha msimu mzima. Kwetu ng'ombe hutoka zizini kijana anapooa. Kuwatoa kwa ajili ya msichana apande ndege, alisema, ni kuchezea mali.

Mwaka huu rafiki yangu wa Iringa, Mhehe mwenye lori moja, alikuja na jambo hilohilo. Binti yake amepata chuo nje, kozi ileile ya wangu. Ili aende, baba auze lori.

"Msukuma," akaniuliza, "wewe ulishamaliza zizi kwa mambo haya. Inalipa au hailipi?"

Nikamwambia akae kwanza, jibu lake refu.

Binti yangu alipomaliza masomo alitafuta kazi kulekule. Kila ofisi ikishaona pasipoti yake, mazungumzo yameisha. Akarudi. Mimi nilikuwa nimeshatangaza Igawa nzima kwamba anakuja bosi. Nilikwenda Mbeya kwa seremala, nikachongesha meza kubwa ya mninga, nikanunua na kiti cha kuzunguka, nikaviweka mashineni katikati ya magunia. Alipoviona alicheka mpaka akakaa chini kwenye pumba. Kile kiti hakukikalia hata siku moja. Kuku wakaanza kutaga kwenye droo.

Aliomba kazi Mbeya, akaomba Dar es Salaam. Wengi hawakujibu, na waliojibu walitaka uzoefu. Akawa anashinda mashineni, anaangalia tu. Watu walipita wakiniuliza kama biashara ya kimataifa ndiyo hii ya kufagia pumba. Iliniuma.

Sasa, huku kwetu mnunuzi huja na lori lake na magunia yake mwenyewe. Makubwa, na yakijaa yanaongezewa kichuguu juu, ndiyo lumbesa, halafu bei inabaki ya gunia moja. Nimezeeka naona hivyo, nikidhani ndivyo mchele unavyouzwa dunia nzima. Siku mnunuzi wetu mkubwa alipofika, binti aliwaambia wapakiaji wasijaze. Mchele wetu, alisema, unauzwa kwa kilo, kwenye mifuko yetu. Yule bwana hakumtazama yeye, alinitazama mimi.

"Mzee, huyu mtoto kasoma, lakini Usangu haijui."

"Ongea naye," nikamjibu. "Mchele nimemkabidhi yeye."

Akaondoka na lori tupu. Ghala lilikuwa limejaa hadi mlangoni, mchele wangu na wa majirani walioniamini. Nilizunguka nyuma ya mashine nikasimama huko peke yangu, nisije nikamkimbilia yule bwana barabarani.

Binti akapiga simu. India alikaa chumba kimoja na msichana wa Lubumbashi, mgeni kama yeye, ambaye naye alinyimwa kazi akarudi kwao. Familia yake inauza vyakula. Mke wangu alikuwa akimfungia binti mchele kwenye sanduku kila anaporudi chuo, kwa hiyo yule Mkongo aliujua mchele wa Usangu kwa mdomo wake. Waliongea muda mrefu, wakicheka kama ndugu. Hapo ndipo nikaona faida ya shule. Alikwenda Mbeya kufuatilia vibali, akaandika mkataba, akakataza tusichanganye mchele wa mashamba mbalimbali kama tulivyozoea, akataka malipo ya mwanzo kabla mzigo haujaondoka. Mzigo ukaondoka kwenda Lubumbashi. Ukaondoka na mwingine. Kaka yangu, yuleyule, akaja na mpunga wake akaulizia foleni.

"Kwa hiyo inalipa," rafiki yangu akasema.

Nikamwambia mimi nimeuza ng'ombe tu, amuulize aliyesoma. Nikamwita. Akamwamkia, akasikiliza swali lake lote.

"Baba mdogo, cheti peke yake hakijanipa hata chai," alimwambia. "Nilisoma, lakini nilikuwa na mashine ya baba na rafiki wa kupigia simu. Mdogo wangu, binti yako, aende, ila asijifungie na Watanzania wenzake. Na lori usiuze. Akirudi na umeshaliuza, ataanzia wapi?"

Rafiki yangu akauliza karo itatoka wapi basi. Binti akamwonyesha mifuko iliyopangwa mlangoni. Mzigo wa Lubumbashi tulikuwa tunakodi malori ya watu; sasa lingebeba lake.

Nilimwangalia mwanangu akimpangia mtu mzima safari zake, mkono mmoja kwenye mfuko wa mchele, na nilitamani kaka yangu awepo asikie.

Yule msichana wa Iringa ameshaondoka, karo inalipwa kidogo kidogo. Juzi baba yake alinipigia simu kutoka Tunduma mpakani, lori likiwa limejaa mifuko yetu, akitaka kujua ile meza ya mninga niliichongesha kwa nani, aanze kumwandalia binti yake mapema.

Nikamwambia asipoteze hela, aje achukue ya kwangu. Kuku nitawatafutia pengine pa kutagia.