Uvimbe Mliouombea Ulikuwa Kigimbi Changu

Nianze na nyinyi kina mama wa Dallas mliopanda ngazi za apatimenti yangu hapa Carrollton, pembeni ya jiji, na masufuria ya mtori wa ndizi, mkanizunguka kwenye kochi, mkaniwekea mikono miguuni. Sikuwa na uvimbe. Sijawahi kuwa na uvimbe tangu nizaliwe. Nilikuwa na miguu minene, basi, na nilipanda meza ya upasuaji kwa hiari yangu ili ipunguzwe.

Nimekosa. Naandika haya nimekaa, kwa sababu kusimama muda mrefu siwezi tena.

Mtu wa nyumbani ataniuliza, minene kivipi? Ndugu yangu, ni ile ambayo nikipita stendi ya Moshi wanaume walikuwa wanasahau basi lao. Mguu wa bia, wenyewe ndivyo wanavyouita. Mama yangu anao, bibi alikuwa nao, na siku ya harusi yangu MC aliutaja kwenye maikrofoni mbele ya wakwe, watu wakapiga vigelegele. Mimi nikaibeba sifa hiyo mpaka Texas, nikaishi nayo miaka kumi na minne bila ugomvi, halafu siku moja nikaenda kununua mabuti.

Kikundi chetu cha Watanzania kilikuwa kinaandaa sherehe, na kamati katika busara zake ikaamua kila mtu avae kama mchunga ng'ombe. Sisi ambao tulisoma kwa bidii ili tusichunge ng'ombe! Nikaenda dukani. Buti zuri, la kahawia, lina zipu pembeni. Zipu ikapanda mpaka katikati ya kigimbi ikagoma. Binti muuzaji akapiga magoti, akavuta, akavuta tena, mwisho akaninyanyulia uso na tabasamu la mhudumu wa kanisa, akaniambia kule nyuma ya duka kuna sehemu ya wenye miguu mipana.

Alisema kwa upole kabisa. Angenitukana ningerudisha tusi na yangekwisha palepale.

Basi nikawa mwanamke wa kutazama miguu. Kazini, sokoni, kanisani wakati wa maombi wenzangu wamefumba macho, mimi nipo chini ya viti nakagua vigimbi vya watu. Simu yangu nayo, kama ilikuwa inanisikiliza, ikaanza kuniletea video za daktari wa Houston anayepunguza vigimbi. Kabla na baada. Kabla, mguu kama wangu. Baada, mguu kama fimbo ya kuchapia. Nikaona huo ndio uzuri.

Nilichagua Houston makusudi. Dallas Watanzania wana macho. Houston ni mwendo wa saa nne kwa gari, na mimi kwa akili yangu niliona saa nne zinatosha kuficha siri. Pale nina rafiki, nimwite Njeri, Mkenya, nesi, anakaa Sharpstown. Tulisoma naye kozi ya uuguzi msaidizi zamani, yeye akaendelea, mimi nikabaki kuwa msaidizi kwenye nyumba ya wazee. Ndiye aliyeni-drive kwenda kliniki asubuhi ile.

"Sasa hizo miguu zilikukosea nini?" akaniuliza tukiwa kwenye foleni. "Mimi Mungu angenipea hizo, ningekuwa natembea nyuma-nyuma ndio watu waone vizuri."

Nikamwambia hawezi kuelewa. Akasema kweli, haelewi, na akaniongezea kwamba kukata nyama nzima isiyo na ugonjwa ni kazi ya bucha. Nikakasirika, nikafungua redio.

Daktari alinieleza kila kitu, simsingizii. Nyama ya kigimbi inapunguzwa, mguu unakuwa mwembamba, kutembea kutasumbua kidogo mwanzoni. Hilo neno "kidogo" nilipaswa kulijua. Mimi mwenyewe nawaambia wazee kila siku, bibi, utasikia maumivu kidogo, halafu namgeuza kitandani analia. Lakini nilitikisa kichwa nikatia sahihi.

Sasa uongo. Ilibidi watu waambiwe kitu, na ugonjwa wa heshima niliouona ni uvimbe. Mume wangu anaendesha lori, mwezi mzima yuko barabarani, nikamwambia kwenye simu kwamba nina uvimbe mguuni, utatolewa.

"Mguu upi?"

"Yote."

"Uvimbe umeota miguu yote miwili kwa pamoja?"

"Ndiyo, Baba Nuru. Umelingana."

Nuru ni binti yetu, jina si lake. Ana miaka kumi na mbili, amezaliwa hapahapa, Kiswahili anakisikia vizuri ila anajibu kwa Kiingereza. Naye nilimwambia hivyohivyo. Akaniuliza kama ni kansa. Nikamwambia hapana mwanangu, ni uvimbe tu. Akaitikia, akaenda chumbani kwake, nami nikajipongeza kwa kulimaliza jambo kirahisi.

Siku tano nilikaa kwa Njeri, Nuru nimemwacha kwa jirani, kisha Njeri akanirudisha Carrollton nimelazwa siti ya nyuma kama gunia la mpunga. Wapendwa, mnataka kujua kupona kukoje? Visigino vyangu viligoma kugusa sakafu. Misuli ilikuwa imejikunja, nikikanyaga bapa naona nyota, kwa hiyo njia pekee ya kutembea ilikuwa kwa vidole. Na daktari, kwa kunihurumia, akasema wiki za kwanza nivae viatu vya mchuchumio humohumo ndani, nivishushe taratibu. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa. Nimefungwa bendeji mpaka magotini, soksi za kubana juu yake, nguo ya kulalia, na mchuchumio mwekundu wa harusini. Naenda chooni ko-ko-ko-ko.

Habari zilikuwa zimeshanitangulia. Jumamosi kina mama wakafika, wakiongozwa na Mama Gifti, mwenyekiti wetu wa maombi, mwanamke ambaye akianza kuomba hata friji inatulia. Walinipikia, wakafua, wakanisugulia bafu. Kisha wakaweka mikono miguuni wakaukemea uvimbe. Toka! Usirudi tena! Usiguse uzao wake! Mimi nimefumba macho, naitikia amina, huku nabanwa na haja ndogo mpaka natetemeka, na wao wakadhani ni nguvu imeshuka.

Mwisho nikashindwa. Nikamwomba Nuru aniletee viatu. Mtoto akaleta mchuchumio mwekundu, akapiga magoti akanivalisha mmoja mmoja, nikanyanyuka mbele ya kina mama kumi na mmoja, nikakatiza sebule kama nakwenda kupokea tuzo.

"Mama Nuru," Mama Gifti akaniita polepole. "Mgonjwa?"

"Daktari kaandika," nikamjibu bila kugeuka.

Walinyamaza kwa sababu ni watu wazima. Wiki iliyofuata mmoja wao akasimama kanisani akatoa ushuhuda jinsi alivyoona kwa macho yake mlemavu akitembea kwa viatu virefu. Watu walishangilia. Nilitumiwa video yake, nikacheka peke yangu mpaka nyuzi zikauma.

Na Nuru? Nuru aliacha mazoezi ya voliboli. Alikuwa anatoka shule moja kwa moja nyumbani, anapasha mtori, ananivuta zile soksi taratibu, kwanza kulia, kisha kushoto. Hakunung'unika hata siku moja. Nilimsifia kwa kila aliyepiga simu, kwamba jamani watoto wa Marekani nao wanalea. Siku bendeji zilipotoka kabisa nikamwita aje kuona. Miguu ilikuwa myembamba kweli, ingawa wa kushoto umeingia ndani kama umeumwa na mbwa. Nikajizungusha mbele yake.

"Umeona? Uvimbe wote umeisha. Unakumbuka nilivyokuwa nimejaa hapa nyuma?"

"Yeah," akasema. Akatazama miguu yangu, akatazama yake. Nilidhani anaitamani yangu.

Baada ya wiki kama mbili, nesi wa shule akanipigia. Sauti ya upole, ile ambayo mimi huitumia kwa familia za wazee. Akaniomba niende. Nikaenda, ko-ko-ko-ko kwenye korido ya shule, maana visigino vilikuwa bado havijashuka vyote.

Nuru alikuwa amekaa kwenye kitanda kile kinachotandikwa karatasi, suruali imekunjwa mpaka magotini. Kwenye vigimbi vyake vyote viwili alikuwa amejichora mistari ya kalamu ya bluu, mviringo ndani ya mviringo. Nikajua palepale ni nini, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha. Niliwahi kumsimulia kwamba kazini mzee akivimba tunachora mpaka wa uvimbe kwa kalamu, kesho yake tunaangalia kama umevuka.

Nesi akaniambia mtoto kaja mwenyewe. Kasema ana uvimbe miguu yote miwili kama wa mama yake, uko kwenye ukoo, hata bibi yake anao, ameuona kwenye picha. Anajichora kila asubuhi. Anataka apelekwe akatolewe kabla haujasambaa, na aliogopa kuniambia kwa sababu mimi bado mgonjwa.

Wiki zote zile. Wakati ananipashia mtori, ananivalisha viatu, anasema "I'm okay, Mom", mtoto wangu alikuwa anasubiri kufa, na anaficha ili asinisumbue.

Nesi akachukua karatasi, akauliza jina la uvimbe wangu na nani alinitibu, ili Nuru apimwe haraka. Nawaambia ukweli, hata pale nilifungua mdomo niongope. Nilikuwa nimeshaanza kusema kwamba ule wa kwangu haurithiwi. Nikaona yule mtoto ananitazama mdomoni, anasubiri nitakachosema, na sentensi ikanifia.

Nikasema kwa Kiingereza, nesi anasikia, kwamba hakukuwa na uvimbe. Kwamba nilitaka tu miguu myembamba.

Nesi akaweka kalamu chini.

Nuru hakunikasirikia, na hilo ndilo linaloniua. Alinirukia, akanikumbatia kiunoni, nikayumba kwenye vile viatu vyangu vya kipumbavu. "You're not gonna die," anarudia, "you're not gonna die." Alilia mpaka blauzi yangu ikalowa. Nililia na mimi, nikidhani pabaya pameshapita.

Yaliyofuata kwa wakubwa niliyastahili. Mume wangu alifika na lori lake, akakaa kwenye kochi akanitazama chini mpaka juu, akauliza, "Mimi nilioa miguu, iko wapi?" Alitaka kutania, lakini hakucheka, na hajalizungumza tena. Mama Gifti nilimfuata mwenyewe kumwambia. "Kwa hiyo Jumamosi ile," akasema, "tulikuwa tunakemea kigimbi?" Nikasema ndiyo, Mama. Akanitaka niwaambie wengine kwa mdomo wangu, sikuthubutu, ndiyo maana nawaandikia. Kazini wamenihamishia mapokezi, kwa sababu nikisimama dakika ishirini miguu inatetemeka, na kumnyanyua mzee siwezi.

Na kwa taarifa yenu, lile buti nilirudi kulijaribu, sasa zipu inafunga. Ila lina kisigino kifupi, na visigino vyangu bado havishuki vyote, siwezi kutembea nalo.

Hayo yote ningeyabeba. Lakini wiki moja baada ya shuleni nilimkuta Nuru bafuni, mlango wazi, kageuka mgongo kwenye kioo, amevuta shingo anatazama vigimbi vyake. Mistari ya bluu alikuwa ameshaiosha. Kabla ya hapo mtoto huyu alikuwa na miguu tu, ya kurukia mpira na kupandia ngazi. Hofu ya ugonjwa ilipotoka, kuna kitu kingine kilichoingia, na mlango nimeufungua mimi.

Voliboli hakurudi, kwa sababu wanacheza na kaptura. Kocha amepiga simu mara mbili.

Juzi tulikuwa tunakula, mimi na yeye. Akasogeza sahani, akaniuliza kwa Kiingereza chake, sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza leseni ya udereva: "Mom, wanaruhusu kuanzia miaka mingapi?"

Nikamuuliza kuruhusu nini, na nilikuwa najua.

"Kama wewe."

Nikaanza kuongea haraka. Nikamwambia hutafanya, usithubutu, miguu yako ni mizuri, miguu yako haina kosa lolote, mbona ni mizuri sana. Aliniacha nimalize. Kisha akanijibu kwa Kiswahili, mtoto ambaye kumtoa neno la Kiswahili ni kazi.

"Lakini yako ilikuwa hivihivi."

Wali ulipoa, yeye akanyanyuka akaosha sahani yake.

Kwa hiyo wewe dada unayesoma hapa, na siku yako ya kliniki umeshaiweka, mimi sina ubavu wa kukukataza. Nakuomba kitu kimoja. Mwite binti yako, au mdogo wako, yeyote aliyerithi hicho unachotaka kukikata. Msimamishe mbele yako, umtazame, umwambie kwamba kitu hicho alichonacho ni kibaya. Ukiweza kumwambia, nenda. Mimi nilimwambia wangu bila kufungua mdomo, na leo tuko katikati ya kiangazi cha Texas, lami inayeyuka, na mwanangu ametoka kwenda kucheza na wenzake amevaa suruali ndefu.