Kilo za mjukuu wangu

Uwanja wa ndege wa Goma ulipokuwa ungali wazi, mjukuu wangu alichaguliwa pamoja na muzee piloti aliyemfundisha kuruka, wapeleke ndege ndogo ya injini moja toka kwetu mpaka Dakar. Kabla yake hakuna msichana wa hapa aliyefanya safari ile. Kazi yao ilikuwa kutua kila nchi ya njiani na kusalimia watu kwa jina la Kongo, ili wajue kwamba huku hakutoki habari za bunduki tu.

Mimi niliona jambo moja: mutoto alikuwa mwembamba kama kijiti cha kiberiti. Watu wakimuona watasema kwetu kuna njaa. Basi nikamlisha. Asubuhi ndizi za makemba, mchana bugali na sombe ya majani ya muhogo, jioni maharagwe na sambaza, samaki wadogo wa ziwa. Akisema, "Koko, nimeshiba," nilimwambia tumbo lake si lake tena, ni la serikali. Akanenepa, mashavu yakajaa. Majirani wa mtaa wetu wa Keshero wakamsifu yeye, sifa nikapokea mimi.

Siku ya kuondoka nilifika uwanjani na zawadi: fromaji mbili za Masisi, nzito, za maziwa yaliyogandishwa ya ng'ombe wa milimani. Hauwezi kwenda kwa watu mikono mitupu. Kumbe ndege ndogo inapimiwa kila kitu, hata piloti. Mutoto akapanda juu ya mizani. Muzee piloti akaangalia mizani, akaangalia karatasi yake, akaangalia mizani tena.

"Mama, huyu mutoto amekula nini?"

"Chakula. Ulitaka ale nini?"

Akanieleza polepole, kama mutu anayesema na kiziwi, kwamba uzito wote ulishapangwa pamoja na mafuta, na kilo alizoongeza mjukuu wangu zimekula nafasi ya fromaji. Fromaji zibaki. Nikamwangalia muzee tumbo lake, lilivyomtangulia mbele, nikamuuliza kama nalo limepimwa.

"Limepimwa, mama. Hili liko kwenye karatasi toka zamani."

Watu wa uwanja wakacheka. Mimi nilitaka kulia. Nimemnenepesha mutoto kwa heshima ya nchi, sasa mashavu yake yanafukuza zawadi ya nchi.

Mutoto akashuka kwenye mizani. Akafungua valizi yake, akaanza kutoa nguo: magauni niliyomshonesha, viatu virefu, vikwembe vipya vya kujifunga. Akanirundikia vyote mikononi, akabaki na kikwembe cha manjano alichovaa. Nikamwambia atanitia haya, atazunguka nchi za watu na nguo moja kama mutu aliyekimbia volkano.

"Koko, nguo wataangalia tu. Fromaji watakula."

Wakaruka. Nikarudi Keshero na magauni kichwani.

Picha zikaanza kuingia kwa simu. Kila nchi, kikwembe kilekile cha manjano. Jirani yangu, mama mwenye ulimi mrefu, akaniuliza kama Kongo nzima imekosa nguo ya kumbadilishia mutoto. Nikamwambia aache kikwembe, aangalie mikono ya wale wakubwa waliosimama naye. Kila mumoja ameshika kipande cha fromaji. Kule Dakar, waziri mumoja mdomo ulimjaa hata akashindwa kucheka kwa picha. Jirani akaangalia sana, akanirudishia simu.

Nikaangalia tena ile picha ya Dakar peke yangu. Fromaji imeisha, kwenye sahani limebaki ganda. Na kile kikwembe, kilichomzunguka mara moja tu siku ya kuondoka, mutoto alikuwa amekizungusha kiunoni mara mbili.

Nikaenda kuloweka maharagwe.