Majina Yaliyozama Redioni

Miaka ile wakimbizi walipojaa Kigoma, nilikuwa fundi redio pale Mwanga, na majivuno yangu yalikuwa makubwa kuliko kibanda changu. Nilipanga chumba Gungu. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mama mmoja kutoka Burundi, aliyepotezana na kaka yake njiani.

Kila jioni, jua likingali juu ya ziwa, yeye na wenzake walikaa uani kusikiliza kipindi cha mawimbi mafupi kilichosoma majina ya waliopotezana. Sauti ilikuja, ikazama, ikarudi. Wao waliamini kwamba msomaji akifika kwa marehemu hushusha sauti kwa heshima. Jina likizama, wanalia. La kaka yake lilipoanza tu kutajwa likazama, naye akanyoa nywele kwa msiba.

Nilipoambiwa nilikasirika. Nikamwambia, bila adabu, kwamba ni anga tu linalochezea mawimbi. Alinisikiliza kwa upole, kama mtu anayemsikiliza mlevi. Nikaichukua redio yake.

Ndani nikakuta kapasita moja, ndogo kama punje ya harage, imekufa. Hiyo huisaidia redio kujirekebisha yenyewe: stesheni ikija kwa nguvu inaibana, ikififia inaifungulia, kama mkono usiochoka kwenye koki ya bomba. Nikaweka mpya, nikamrudishia redio yake. Nilikwisha kubadilisha nyingi za aina hiyo, na sikuwahi kukaa kusikiliza.

Wiki hiyo majina yaliporudiwa, nilikaa nao. Mawimbi yakaanza kuzama. Mkwaruzo ukapanda kama mvua juu ya bati, lakini msomaji hakushuka. Alibaki mle ndani ya mvua, jina baada ya jina. Mwili ulinisisimka. Kitu cha ukubwa wa harage kilikuwa kinashindana na anga zima, nami nilizoea kukitupia kwenye kopo la misumari.

Likaja jina la kaka yake. Yuko kambini, msomaji akasema, anamtafuta dada yake. Alipomtaja huyo dada, mkwaruzo ulipanda kuliko mara zote, na jina likapita kwa shida, lakini likapita.

Mama akajishika kifua.

"Fundi, hapo ndipo sauti ingezama," akasema. "Na hilo ni jina langu. Mimi niko hapa."

Wenzake walikuwa wameanza kukumbushana, kwa sauti ya chini, majina yote waliyokwisha kuyalilia.